Pua ni hana, lakini usiiseme peke yake

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 24, naishi Mwanga hapa Kigoma, na nafanya kazi kwenye boti inayopeleka wageni kwenye hifadhi ya Mahale. Wajapani wakiugua njiani nashindwa kujua wanaumwa wapi. Nimekariri majina ya viungo vyote kwa Kijapani kutoka kwenye daftari, lakini juzi nilimuuliza mama mmoja kuhusu "hana" yake, akanionyesha maua ya kwenye kitenge chake. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama huyo amekusikia vizuri tu. Hana ni pua, na hana ni ua. Neno likisimama peke yake, kwa matamshi ya Tokyo yote mawili huanza kwa sauti ya chini na kupanda kwenye "na". Tofauti hujitokeza linapofuatwa na "ga", kijineno kinachoonyesha kuwa hicho ndicho kinachosemwa. Kwa pua, "ga" hubaki juu kulekule. Kwa ua, hushuka. Kwa hiyo "hana ga akai" ni pua nyekundu au ua jekundu, na sauti ya "ga" ndiyo inayoamua. Sisi nasi tuna mazoea yetu: neno la silabi mbili tunalikaza mwanzoni, HA-na, kama katika "hana nauli". Kijapani hakitaki hivyo, si kwa pua wala kwa ua.

Ndiyo maana nakusihi uache kukariri maneno makavu. Kariri "hana ga itai", pua inauma. Halafu badilisha kiungo tu: atama ga itai, kichwa, ha ga itai, jino, onaka ga itai, tumbo. Tumbo huitwa pia hara, na Mswahili hawezi kulisahau neno hilo, lakini kwa mgeni tumia onaka, lina adabu zaidi. Fanya zoezi hili asubuhi unaponawa uso, ukigusa kila kiungo unachokitaja: me, jicho; hana; kuchi, mdomo; mimi, sikio. Naam, sikio ni mimi! Na tundu la pua ni "hana no ana". Nilipolisikia mara ya kwanza nililirudia siku nzima.

Nilijifunza lugha hii jikoni, nikiwapikia watafiti wa sokwe kulekule Mahale, kazi iliyoanzishwa na Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto mwaka 1965. Jioni moja kijana wao alikuja ameinamisha kichwa, anasema "hanaji, hanaji". Nilidhani anataka kusema kwa Kiswahili kwamba hana kitu fulani, nikamletea chai. Kumbe chi ni damu, na ikiunganishwa na hana inakuwa hanaji, damu ya pua. Iliniuma sana kumweka mtu anatoka damu huku namimina chai. Tangu hapo nikawa nauliza kila neno limejengwa na nini. Mizu ni maji, basi hanamizu ni kamasi jembamba la mafua. Kubi ni shingo. Tekubi, shingo ya mkono, ndicho kifundo cha mkono, na ashikubi ni kifundo cha mguu. Hilo la mwisho litakufaa sana, maana wageni huteguka wakishuka kwenye boti.

Angalia pia mipaka ya viungo. Ashi ni kama mguu wetu, kuanzia pajani hadi unyayoni. Lakini mkono wetu mmoja wao wameugawa: te ni kiganja na vidole, ude ni kuanzia kifundo kwenda juu. Akisema te, usianze kumkandakanda kiwiko.

Na mgeni akijigusa pua kwa kidole huku akisema "watashi", hana ugonjwa wowote. Anasema "mimi". Sisi hugusa kifua, wao pua. Hata herufi yao ya "nafsi" hapo kale ilikuwa mchoro wa pua.

Kwenye boti, anza na swali hili: "Doko ga itai desu ka?" Unaumwa wapi? Atakuonyesha na kusema "koko", hapa. Wewe taja kiungo, kwa mfano "Ashikubi desu ka?", ungoje aseme "hai", ndiyo, kabla hujafungua sanduku la dawa.