Kwa Nini Bahari ya Malindi Hugeuka Rangi ya Udongo?

SWALI: Mhariri, mvua kubwa ikinyesha bara, hata kama hapa kwetu hakujadondoka tone, maji ya bahari hugeuka rangi ya udongo. Tena wazee husema kwamba zamani ufuo wetu ulikuwa mwembamba zaidi. Je, Mto Sabaki unahusika?
Msomaji, Malindi

JIBU: Unahusika kwa yote mawili, ndugu msomaji, ingawa udongo huo hautoki jirani. Sabaki ni jina la mwisho tu la mto unaoanza kama Athi katika nyanda za juu karibu na Nairobi, ukaitwa Galana baada ya kuungana na Mto Tsavo.

Penye mteremko mkali maji huchimba kwenda chini, na vijito vya vilima vya Machakos hukusanya udongo wa mashamba yasiyo na matuta. Kwa maoni yangu, habari ya ufuo wenu inaanzia huko. Kuelekea Tsavo, Athi hupita sambamba na uwanda wa Yatta, wenye urefu wa takriban kilomita 300, ambao ni lava iliyotiririka ndani ya bonde la mto wa kale na kugandia humo. Ardhi laini ya pembeni ilimomonyoka, lava ngumu ikabaki, hata palipokuwa bonde pakawa mwinuko. Watalii hulipita jambo hilo bila kulitazama, wakikimbilia maporomoko ya Lugard, ambako changarawe inayozungushwa na maji imekereza mashimo ya mviringo mwambani.

Karibu na pwani mteremko hupungua, nao mto hupindapinda, ukila ukingo wa nje wa kila kona na kulaza mchanga upande wa ndani. Mlangoni, kaskazini mwa mji wenu, mwendo wa maji hupotea: mchanga mzito hutua kwanza na kufanya mafungu, ambayo mawimbi huyasambaza ufuoni, ilhali tope laini huelea mbali. Ndiyo maana ufuo umepanuka kama wasemavyo wazee. Linakoelekea tope hutegemea majira. Wakati wa kaskazi mkondo hulisukuma kusini, hadi kwenye matumbawe ya Malindi, na wakati wa kusi hulipeleka upande wa Mambrui na Ngomeni. Kwa hiyo mafuriko ya vuli, yanayoingiliana na mwanzo wa kaskazi, kwa kawaida huwafikia ninyi kuliko yale ya masika.