Re: Rupia ya Mjerumani, imesafishwa au imechezewa?

Habari mkuu. Umeuliza kuhusu rupia 1 ya fedha, sarafu ya enzi za utawala wa Mjerumani, uliyouziwa Kirumba, Mwanza: inang'aa kupita kiasi, na tarakimu ya mwisho ya mwaka unaiona nyembamba kuliko wenzake.

Anza na hiyo tarakimu, mng'ao uache kwanza. Iweke chini ya lenzi, mwanga utokee ubavuni. Aliyesugua sarafu husugua uso mzima. Utaona mikwaruzo myembamba inayopita juu ya kila kitu, na weusi kidogo umebaki kwenye pembe za herufi ambako kitambaa hakifiki. Aliyebadili mwaka hufanya kazi mahali pamoja. Hapo utakuta mikwaruzo imejikusanya kuzunguka tarakimu, au uwanja wake, yaani sehemu tambarare inayoizunguka, umebonyea kidogo. Ukiona hivyo, hiyo si kusafisha, mwaka umechezewa.

Kisha nenda kwa sonara, umwombe aipime. Ikiwa kamili ina gramu 11.66, iliyochakaa hupungua kidogo, lakini gramu 9 au 10 ni ya kutilia shaka.

Kagua na ukingo pia. Rupia nyingi zilivaliwa shingoni, na kikonyo (kile kipete cha kupitishia mkufu) kikitolewa huacha kovu la kuchomelea. Yangu ya kwanza ilikuwa na kovu hilo juu ya kichwa cha mfalme wa Ujerumani. Nilikuwa nimeshalipa bei ya sarafu nzima, na iliniuma sana.

Tafadhali usiisugue tena, hata kwa ndimu na majivu. Tuma picha ya tarakimu kwa karibu, ya mwanga wa ubavuni.