Kabla hamjapakia spika: niliyojifunza Nyanza-Lac

Bwana asifiwe wapendwa. Mwenzetu ameuliza hivi: vijana wa usharika wao wanataka kwenda umisheni wa wiki tatu katika nchi iliyotoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nauli wameshachanga, wana spika mbili, makatoni ya Biblia, na neno kuu la mkutano ni msamaha. Wajiandae vipi? Waliotangulia kujibu wamesema fungeni, ombeni, nendeni. Kufunga na kuomba sina neno. Ila huo msamaha, nawasihi, uacheni kwanza ndani ya begi.

Nilikuwa mwinjilisti Burundi kuanzia 2009 hadi 2011, mkoa wa Makamba wakati ule, kwenye vilima vya juu ya Nyanza-Lac. Nilivuka Manyovu nikaingia Mugina na begi moja na gitaa. Mimi ni Muha, na Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo lugha haikunipa shida. Ndiyo iliyonipa kiburi, kwa kweli. Nilielewa maneno nikadhani nimeelewa watu.

Vita iliyolipuka baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993 ilikuwa imezimika. FNL, kundi la mwisho la waasi, waliweka silaha chini Aprili ile ile ya 2009. Nikaenda nikijua kidonda ni cha 1993. Nilipofika nikakuta watu wanazungumza 72.

Kwa wasiojua: mwishoni mwa Aprili 1972 waasi wa Kihutu walishambulia huko huko kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi. Serikali ikajibu kwa kuua Wahutu nchi nzima kwa miezi kadhaa, hasa waliosoma. Warundi wanaiita Ikiza. Waliosalimika wakakimbilia kwetu Tanzania, wakapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huku nyuma mashamba yao yakapewa watu wengine. Kuanzia 2008 wakaanza kurudi kwa maelfu, wazee na wajukuu, kila mzee anakumbuka kisima cha baba yake kilipokuwa, na kila kisima kina mtu anayechota.

Watoto wao nao walikuwa na msiba wao. Walisoma kwa Kiswahili kwenye makazi yale, sasa shule ni Kirundi na Kifaransa. Kijana aliyemaliza la saba Katumba anawekwa darasani na watoto wa miaka tisa, na wenzake wanamwita Mtanzania. Kama kuna kazi ya injili niliyoifanya kule bila kukosea, ni kukaa na hao vijana jioni tukifundishana Kifaransa ambacho hata mimi sikukijua.

Nirudi kwenye kosa langu. Jumapili yangu ya tatu nilihubiri Yusufu na ndugu zake. Nilihubiri vizuri, siwafichi, watu walilia. Mwishoni nikasema kila mmoja amkumbatie jirani yake aseme nimekusamehe. Kanisa zima likasimama. Mama mmoja wa benchi la pili, nitamwita Mama Neema ingawa siyo jina lake, alikumbatiwa na mzee wa kanisa aliyekaa upande wa pili. Alisimama mikono ikining'inia, kama mtu anayepimwa nguo na fundi. Kisha akatoka nje, na Jumapili mbili zilizofuata hakuja.

Nikamfuata kwake, banda la turubai na fito. Hakunikaripia. Alinipa kigoda, akaendelea kuchambua maharage, halafu akasema: "Mtumishi, ulisema tukumbatiane, akanikumbatia. Kesho yake akaenda kuvuna chikichi za baba."

Yule mzee wa kanisa alikuwa anaishi kwenye itongo, yaani shamba la urithi, la baba yake Mama Neema. Michikichi aliyoipanda marehemu ndiyo aliyopita chini yake kila Jumapili akija ibadani. Na mzee naye hakuwa jambazi. Aliwekwa pale na serikali akiwa kijana, amezikia wanawe wawili kwenye ardhi ile, na sheria ya ardhi ya 1986 ilimpa haki mtu aliyekaa miaka 30 bila kusumbuliwa. Wote wawili walikuwa Wahutu, kama mnataka kujua. Mgeni akisikia ugomvi Burundi huuliza kabila kwanza, na mara nyingi hilo swali humfunga macho.

Tangu siku ile sikuhubiri msamaha kwa miezi karibu minane. Nilienda na Mama Neema kwenye vikao. Kulikuwa na tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa 2006 ikiongozwa na padri, na miaka ile ya mwanzo ilipenda kugawanya shamba katikati kuliko kumtoa mtu. Kulikuwa na bashingantahe, wazee wa busara wa kilimani. Kazi yangu ilikuwa kubeba maji ya kunywa na kukaa kimya. Mchungaji mwenyeji ndiye alinifundisha hilo: mgeni akifungua mdomo kwenye kesi ya ardhi, kila upande unajua ameshanunuliwa.

Sasa mambo ya safari yenu, harakaharaka. Jitambulisheni kwa viongozi wa serikali wa eneo na wa kijiji kabla ya kufunga spika, maana mkusanyiko usiojulikana unatisha watu waliozoea mikusanyiko yenye mapanga. Mkutano uishe mapema. Kule Nyanza-Lac saa kumi na moja jioni watu walikuwa wanautazama mlango, miaka mingi tangu milio ya risasi ikome. Msigawe sabuni wala blanketi kwenye mlango wa ibada, mtapata waumini wa sabuni, na wasiopata watahesabu nani kapata na ni wa upande gani. Pelekeni Biblia za lugha ya wenyeji, siyo za Kiswahili tu.

Na msimtoe mtu ushuhuda wa vita hadharani. Waliotutuma walitaka ushuhuda wa machozi na picha, nikamwita kijana mmoja aliyewahi kubeba bunduki akiwa na miaka 14. Alisema yote. Yeye akajisikia mwepesi, lakini kwenye benchi la nyuma kulikuwa na familia iliyotambua tarehe na daraja alilolitaja. Ilibidi ahamie Bujumbura kwa mjomba wake wiki ile ile. Wakati ule hakukuwa na mahakama wala tume ya ukweli ya kumsikiliza. Tume hiyo, CVR, ilikuja 2014. Mimi nilimfungulia kesi kwa kipaza sauti.

Wiki tatu ni chache, lakini zinatosha kujenga choo cha shule au kulima na wajane. Fanyeni hivyo, mchungaji mwenyeji ahubiri.

Najua mtauliza kama Mama Neema alisamehe. Sijui, sikumuuliza. Itongo liligawanywa 2010. Michikichi ilikuwa 31, kila mmoja akapata 15, na mmoja ukabaki kwenye mpaka. Wazee wakaamua wavune kwa zamu, mkungu mmoja huyu, mkungu mmoja yule. Nilipoondoka bado walikuwa wanakaa mabenchi tofauti, ila zamu haikuwahi kurukwa.