Umri wa leseni ukipanda hadi miaka 21, ajali zitapungua?

SWALI: Mwalimu, mwanangu ametimiza miaka 18 na anataka leseni ya gari. Mjomba wake anasema nimzuie mpaka afike 21, na kwamba serikali ingepandisha umri tungeacha kuzika vijana. Ni kweli? Mama, Newala.

JIBU: Mama, mwache aanze kujifunza sasa.

Mjomba ana hoja moja: mtoto hakabidhiwi usukani. New Zealand waliruhusu miaka 15, wakapandisha hadi 16 mwaka 2011, na walifanya vizuri. Lakini kutoka 18 kwenda 21 ni habari nyingine. Hatari kubwa ya dereva mpya iko kwenye miezi ya mwanzo ya kuendesha peke yake. Ukimsubirisha, miezi hiyo haifutiki, inasogea mbele tu. Sweden mwaka 1993 walishusha umri wa kuanza kujifunza hadi 16, leseni ikabaki 18. Vijana waliotumia muda ule kufanya mazoezi na mtu mzima pembeni walipata ajali chache walipoanza kuendesha wenyewe.

Kinachoniudhi ni huu usemi wa "akikua atajua". Nani alikua tu akajua kuushuka mteremko wa Newala kwenda Masasi? Hufundishwa: gia ndogo kabla hujaanza kushuka, siyo kukanyaga breki mpaka zichemke zikatae. Hufundishwa kwamba kwa mwendo wa 80 gari linakula mita 22 kila sekunde, na kwamba msimu wa korosho lori bovu linaweza kuwa limesimama gizani bila taa. Mwanafunzi wa miaka arobaini asiyefundishwa hayo hana tofauti na mwanao.

Halafu tazama nani wanaanguka mitaani kwetu. Hela ya korosho ikiingia, mtoto wa miaka 15 ananunuliwa pikipiki, kesho kapakia mshikaki, leseni hana, kofia ngumu hana. Sheria ya leo tayari inamkataza! Ukiandika 21 utamgusa wapi?

Watakaofurahi ni vishoka, wale wa "leta picha na hela, cheti utaletewa nyumbani". Hao nawaogopa kuliko kijana mwenye haraka, maana wanaingiza barabarani mtu asiyejua hata kutazama kioo cha pembeni, na trafiki akimsimamisha anakuta karatasi zimekamilika. Umri ukipanda, wasiotaka kusubiri watakimbilia kwao. Wakikupigia simu, kata. Tafuta chuo kinachomtoa mwanafunzi uwanjani na kumwingiza barabarani kweli, na usiku pia. Akishapata leseni, miezi ya mwanzo asiendeshe bila dereva mzoefu pembeni yake, hata mjomba anafaa.