Chuma kirefu, mtu mfupi

Dadangu, umesema wasimama kwa ncha za vidole kutoa chuma cha kubebea uzani kwenye stendi ya skwoti, yaani kuchuchumaa na mzigo mabegani, na ukilala kwenye benchi miguu haifiki chini. La vidole liache leo hii. Teremsha vishikizo vya stendi mpaka chuma kikae usawa wa katikati ya kifua, uingie chini yake kwa kukunja magoti. Kikiwa chini kidogo si neno. Kikiwa juu, utakitoa vizuri, lakini kukirudisha nawe umechoka ndipo watu huumia. Wala usipande juu ya kitu, utarudi nyuma na mzigo ujikwae.

Benchi ni rahisi: sahani moja nene ya uzani chini ya kila mguu, ziwe za mpira. Kwa joto hili la Mombasa sakafu hulowa jasho, na za chuma huteleza.

Kuinua kutoka sakafuni ndiko ufupi unakokufaa. Sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hivyo chuma hukaa sentimita 22.5 kutoka chini, kwako na kwa yule kaka mrefu anayekucheka. Kwako kinaanzia juu zaidi kwenye muundi. Ukitumia sahani ndogo chuma hushuka, basi ziinue kwa mbao pande zote mbili.

Uliza pia kama wana chuma cha kilo 15. Unene wake ni milimita 25, cha kilo 20 ni 28. Kiganja kidogo hukizunguka vyema.