Bosi akikuambia "vuta majina yote ya simu"

Wiki iliyopita kijana mmoja, hata mwaka hajamaliza kazini, kaniandikia: "Kaka shikamoo. Bosi anataka aplikesheni ivute majina yote kwenye simu ya mteja. Nifanye au niache?" Mara tatu nimeanza kumjibu nikafuta. Kazi hiyo hiyo niliwahi kuifanya, tena niliifanya vizuri.

Ilikuwa 2021, Dar, kampuni ya mikopo ya mtandaoni. Jina nalihifadhi. Kabla yangu walishindwa watu wawili. Mimi niliimaliza kwa wiki tatu, na mshahara wa namna ile sikuwahi kuushika. Mteja akifungua aplikesheni anaombwa ruhusa ya kusoma majina. Akikataa, mkopo hapati. Akikubali, majina yote na namba zake yanapanda kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni, kabla hajamaliza kujaza la kwake. Kwenye kanzidata niliwatengea watu hao jedwali, nikaliita "wadhamini". Hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama anamdhamini mtu. Siku ya majaribio tulifungua orodha ya mteja mmoja: Fundi Bomba. Mama Salma Genge. Dk wa Mtoto. Usipokee. Usipokee 2. Ofisi nzima tulicheka.

Mteja akichelewa siku tatu, "wadhamini" wanatumiwa meseji. Maneno niliyaandika mimi usiku, macho mazito: mjulishe ndugu yako alipe leo kuepuka aiubu. Ndiyo, "aiubu". Hakuna aliyesahihisha.

Miezi michache baadaye Mama akanipigia kutoka Morogoro. Kapata meseji kuhusu jirani yake, mwanamke anayecheza naye upatu. "Mwanangu, si wewe mtu wa kompyuta? Hawa namba yangu wameitoa wapi?" Nikamwambia anisomee. Akasoma polepole, akafika kwenye aiubu akakwama, akaniuliza hilo ni neno gani. Nikamwambia sijui Mama, matapeli hao, futa tu.

Natamani ningeandika kwamba niliacha kazi siku ile. Nilikaa miezi minne zaidi, nikisubiri bonasi. Jirani aliacha kwenda kwenye upatu, hilo nililisikia baadaye.

Sasa ushauri, kijana wangu, maana ndicho ulichoomba. Kwanza achana na "mimi nimetumwa tu". James Liang alikuwa mhandisi wa Volkswagen, mmoja wa waliotengeneza programu ya kudanganya vipimo vya moshi wa magari. Hakuwa mkurugenzi, na aliwasaidia wapelelezi. Mwaka 2017 mahakama ya Marekani ilimfunga miezi 40, na faini ya dola 200,000 juu yake. Bosi wangu alipenda kusema hakuna sheria inayokataza, nami sikumbishia kwa sababu ilinifaa. Leo tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo zisizo na kibali. Orodha ile niliisoma jina kwa jina, moyo ukinidunda.

Pili, muulize bosi kwa barua pepe, si kwa mdomo: majina haya ni ya kazi gani? Mwache aandike. Wengi wakishatakiwa kuandika wanapoa. Mpe na njia nyingine: mteja ataje watu wawili, na wao wenyewe waulizwe kwanza kabla namba zao hazijahifadhiwa. Nikikumbuka, hiyo ingenichukua siku mbili tu.

Tatu, weka akiba. Nasema tena, weka akiba, kwa sababu mwenye kodi ya nyumba ya kesho hana ubavu wa kumkatalia bosi leo. Sisi watu wa fani hii kila wiki tunaanika vyeti vipya mtandaoni. Sijaona aliyeanika kazi aliyoikataa. Tumejifunza kila kitu ila kuona haya, na hata mimi haya ilinijia kwa simu ya mzazi.

Idd iliyopita nilimweleza Mama ukweli. Hakunigombeza. Alimenya chungwa lake hadi mwisho, ndipo akauliza, "Na namba yangu ulishaifuta?"

Siku naondoka walinifungia seva kabla sijafika hata getini.