Jibu: Briketi za maganda ya matoke zinavunjika na kutoa moshi

Dada, umeuliza kwa nini briketi zako (makaa ya kufinyanga kwa vumbi la mkaa) zinavunjika na kutoa moshi; kwa ulivyoeleza, una matatizo mawili tofauti. Moshi unatokana na maganda ambayo hayajawa mkaa. Yaanike mpaka yakatike kwa mkono, ndipo uyachome ndani ya pipa. Moshi mweupe ukipungua, funika pipa na uzibe pembeni kwa udongo mbichi hadi lipoe kabisa. Ukifungua mapema, hewa inaingia na unabaki na majivu.

Kuvunjika ni kosa la gundi. Unga wa muhogo ukichanganywa mkavu haushiki hata kidogo. Lazima upikwe uwe uji mzito unaong'aa. Kwa kilo 10 za vumbi la mkaa wa maganda (chenga za mkaa zinafaa pia, zitwange na uchekeche) tumia unga nusu kilo hadi kilo moja. Finya donge la mchanganyiko huo: likitoa maji, umezidisha uji; likipasuka, ongeza uji. Udongo wa kichuguu unasaidia briketi kuwaka polepole, lakini weka kidogo tu, kwani ukizidi sigiri (jiko la mkaa) inajaa majivu na chungu hakichemki. Siku ya kwanza anika kivulini, kisha juani siku tatu au nne. Na tafadhali, usiwashe ndani ya chumba kilichofungwa: hewa ya sumu inayotoka kwenye briketi zinazowaka haina harufu.